Wiki tatu za wanafunzi wa biashara Moshi: anzeni na kilo moja ya kahawa

Makundi ya wanafunzi wa vyuo vya nje huja Moshi na Arusha kusoma biashara ya kimataifa na utamaduni kwa wiki mbili, tatu, hadi nne. Ratiba nyingi zinafanana: leo makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, kesho soko la vinyago, keshokutwa kiwanda, Jumamosi Ngorongoro. Kijana anarudi kwao na picha mia tatu, lakini ukimwuliza mkulima wa Kibosho analipwa lini na kwa hesabu gani, hana jibu. Hilo si kosa lake. Ratiba tunaipanga sisi wenyeji, na tunaijaza kupita kiasi.

Ushauri wetu kwa waratibu, walimu na madereva wanaopokea makundi haya ni kuchagua bidhaa moja na kuifuata tangu shambani hadi kwenye mkataba. Kwa Moshi bidhaa hiyo ni kahawa. Hakuna mji mwingine Tanzania ambako kihamba (shamba la nyumbani la Wachaga), chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, kiwanda cha kukoboa na makao makuu ya Bodi ya Kahawa viko karibu hivi. Ziara zote hizo zinaenea katika siku nne, na bado mnarudi mjini kula chakula cha jioni.

Kwanza tazameni msimu. Kahawa ya Kilimanjaro huvunwa kuanzia Julai hadi Desemba, kwa kupishana kulingana na mwinuko. Vyuo vya Marekani hupenda kuja Mei na Juni kwa sababu ndipo likizo zao zinapoanza. Mei masika hayajaisha vizuri, barabara za Uru zina utelezi na matunda bado ni mabichi. Chuo kikiweza kusogeza safari hadi mwishoni mwa Julai au Agosti, kisogeze. Kisipoweza, hamishieni siku za shambani mwishoni mwa kozi, na waambieni mapema kwamba wataona mti na siyo mavuno. Mnada wa kahawa nao una ratiba ya msimu inayotolewa na Bodi. Iombeni kwa barua kabla ya kukata tiketi za ndege.

Siku ya shambani isiwe na watu zaidi ya kumi na wawili. Wakizidi hapo, nusu yao husimama nyuma wakipiga picha za migomba. Mpeni kila mmoja kikapu na saa mbili za kuchuma, nyekundu tupu, bila kuvuta na kikonyo, kwa kuwa kikonyo kikikatika huenda msimu ujao hapo pasizae. Mwambieni aliminye tunda moja kati ya vidole: zinaruka punje mbili zenye ute. Ute huo ndio sababu kahawa imenywe siku ile ile, kwani ikilala na ganda lake inachacha na harufu haitoki tena. Baada ya kumenywa hulowekwa siku moja hadi mbili, baridi ikizidi muda unaongezeka. Mkulima hatazami saa. Anachota konzi ya punje na kuzisugua kiganjani. Zikikwaruza kama changarawe, ute umetoka, zioshwe. Kisha hupelekwa kwenye meza za waya hadi unyevu ushuke kufikia asilimia 12 hivi. Mwanafunzi aliyesugua konzi hiyo mwenyewe anaelewa ubora kuliko aliyeonyeshwa michoro ukutani.

Jioni ile ile, kabla hawajasahau uzito wa kikapu, fanyeni hesabu. Hapa ndipo kozi nyingi huharibika, kwa hiyo twende taratibu.

Bei ya arabika, aina ya kahawa inayolimwa Kilimanjaro, duniani husomwa soko la New York kwa senti za dola kwa ratili. Kilo moja ina ratili 2.2046. Tuseme bei inasoma 300: hizo ni dola 3 kwa ratili, yaani dola 6.61 kwa kilo. Lakini hiyo ni kilo ya kahawa safi, iliyokobolewa na kupangwa madaraja. Mkulima hauzi hiyo. Anauza kahawa mbivu, au ile iliyokaushwa ikiwa na ganda lake jembamba, ambayo wengi huiita pachimenti. Kwa makadirio, kilo 5 za mbivu hutoa kilo 1 ya pachimenti, na kilo 100 za pachimenti hutoa kilo 80 za kahawa safi. Kwa hiyo kilo 1 ya safi imekula kilo 6 na robo za mbivu. Mwanafunzi asiyepewa hesabu hii huchukua bei ya New York, huilinganisha na bei ya kilo ya mbivu, na kutangaza kwamba mtu fulani katikati ni mwizi. Huenda malalamiko yapo na ni ya haki, lakini hayawezi kuthibitishwa kwa kulinganisha kilo mbili zisizo sawa.

Endeleeni mpaka kwenye kikombe. Kahawa ikikaangwa hupoteza uzito, hivyo kilo 1 iliyokaangwa hutaka takriban kilo 1.2 za safi, yaani kilo 7 na nusu za mbivu. Kikombe kikitumia gramu 15, kilo hiyo hutoa vikombe 66. Kila mwanafunzi aandike bei ya kikombe kimoja mjini kwao, azidishe kwa 66, kisha aweke pembeni malipo ya zile kilo 7 na nusu. Msiwahutubie wakati huo. Waacheni waitazame karatasi, halafu waulizeni kodi ya pango ya mgahawa, mishahara, meli, bima na ukaangaji vinalipwa na nani. Wakishindwa kujibu, hayo ndiyo masomo ya wiki ya pili.

Wiki ya pili ni ya chama na mkataba. Wapelekeni AMCOS moja, yaani chama cha msingi cha ushirika wa mazao, waone daftari la kupokelea kahawa, mizani, na jinsi malipo yanavyokuja kwa awamu: malipo ya awali mkulima anapopeleka, ya pili baada ya kahawa kuuzwa. Mpishano huo wa miezi ni somo la mzunguko wa fedha peke yake, kwa kuwa ada ya shule inataka kulipwa Januari hata kama mnada haujaleta kitu. Historia isizidi nusu siku, ila isirukwe. Chama cha wakulima wenyeji kilianzishwa 1925, KNCU, muungano wa vyama vya ushirika vya Kilimanjaro, ikafuata 1933, vyama vikuu vya ushirika vikafutwa 1976 na kurudishwa miaka ya themanini, mfumo wa dunia uliogawia kila nchi kiasi cha kahawa cha kuuza nje ukavunjika 1989, wanunuzi binafsi wakaruhusiwa 1994. Mzee aliyeuza kahawa katika vipindi hivyo ni mwalimu bora kuliko slaidi. Alipwe kwa muda wake, na alipwe siku hiyo hiyo.

Kwenye mkataba fanyeni zoezi la kontena moja: futi 20, magunia 320 ya kilo 60, jumla kilo 19,200. Kundi moja ni wauzaji, jingine wanunuzi, na mjadala ni nani anabeba gharama za Moshi hadi bandarini na hatari inahama wapi.

Arusha tunaipa siku mbili tu. Jumuiya sasa ina nchi wanachama nane, na swali la maana pale ni ushuru wa pamoja wa forodha wenye ngazi za asilimia 0, 10, 25 na 35. Siku ya pili nendeni Namanga. Katika kituo cha pamoja cha mpakani, lori linalokwenda Kenya hushughulikiwa na maofisa wa nchi zote mbili upande wa Kenya, na linalokuja huku hushughulikiwa upande wetu. Bila barua ya kibali mtaishia getini, na simu za kupigia picha zibaki kwenye gari.

Utamaduni msiupangie siku yake ya ngoma. Unaonekana ndani ya biashara yenyewe, na matatizo matatu hujirudia kila mara.

La kwanza ni saa. Mkulima akisema "njooni saa mbili", kwenye simu ya mgeni ni 8:00 asubuhi. Kijana aliyejifunza namba za Kiswahili juzi huandika 2:00 na kufika saa nane mchana, mwenyeji ameshaondoka. Ratiba iandikwe namna zote mbili kwenye mstari mmoja, na dereva apewe nakala hiyo hiyo.

La pili ni salamu. Mgeni huketi na kuuliza bei. Mfundisheni shikamoo, habari za nyumbani, habari za kazi, poleni na mavuno, na kunyamaza kidogo katikati. Ziara ya saa moja itengewe dakika kumi za kujuliana hali. Dakika hizo zikikatwa, majibu yanayofuata huwa mafupi.

La tatu ni "bado" na "tutaangalia". Mwanafunzi huziandika kama ahadi. Mara nyingi "tutaangalia" ni hapana iliyosemwa kwa heshima. Mwambieni aulize tena kwa njia nyingine, siku nyingine.

Ardhi nayo iguswe mkiwa kihambani. Mpaka ni mstari wa mimea ya masale, na kwa desturi mtoto wa kiume wa mwisho hubaki na nyumba ya wazazi. Benki inataka hati. Muulizeni mwanafunzi wa fedha dhamana ya mkopo itatoka wapi, halafu mpeni muda.

Wanaokaa na familia wajue mapema kwamba maji ya kuoga yanaweza kuwa ya ndoo, na kwamba kukataa chakula mara tatu humuumiza mama mwenye nyumba. Familia nazo zipewe orodha ya mzio wa kila mgeni siku tatu kabla. Mfuko mmoja wa ORS, unga wa kurudisha maji mwilini mtu akiharisha, kwa kawaida ni kwa lita moja ya maji safi, ila someni maelezo ya mfuko. Suala la viza liulizwe Uhamiaji kwa maandishi. Viza ya matembezi haimruhusu mtu kufanya kazi, na siku ya "kujitolea" inayochomekwa ndani ya ratiba inaweza kuhesabiwa kazi. Iondoeni.

Siku ya mwisho mawasilisho yasifanyike hotelini. Rudini kwenye ofisi ya chama cha msingi, wanafunzi wasome hesabu zao za kilo na kikombe mbele ya wakulima waliowapokea, kwa Kiswahili cha kuandaliwa, mkalimani akiwa karibu. Wakulima watasahihisha takwimu papo hapo, hasa za usafirishaji. Karatasi iliyosahihishwa ipigwe chapa nakala mbili: moja iende chuoni, nyingine ibandikwe ukutani karibu na mizani.