Nilivyopata postidoki ya jenetiki ya mihogo nikiwa Mtwara

Nilipomaliza uzamivu Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, nilirudi Mtwara na swali ambalo tasnifu yangu haikulimaliza: kwa nini virusi vya michirizi ya kahawia huiozesha mihogo ya aina iitwayo Albert, ilhali aina ya Namikonga iliyopandwa shamba hilohilo huvunwa ikiwa salama? Swali hilo ndilo lililonipeleka Ujerumani kwenye utafiti wa baada ya uzamivu, ile tunayoiita postidoki. Nawaandikia wenzangu wa mikrobiolojia na jenetiki walioko huku kusini, maana wengi wanaamini nafasi hizi ni za watu wa Dar es Salaam na Nairobi.

Anayelima mihogo Newala au Tandahimba anaujua ugonjwa wenyewe. Mti umesimama vizuri, majani yanaridhisha, ukichimba unakuta mzizi una madoa makavu ya kahawia na hata makopa hautoi. Shangazi yangu amewahi kutupa mavuno ya shamba zima. Kitaalamu ugonjwa huu ulielezwa mara ya kwanza Amani, Tanga, mwaka 1936. Vinavyousababisha ni virusi vya aina mbili, CBSV na UCBSV, vinavyoenezwa na inzi weupe na kwa pingili zilizokwisha ambukizwa. RNA ya virusi hivi, yaani uzi unaobeba maelezo yake ya kurithi, ina urefu wa takriban herufi 9,000, na ndani yake imo jeni ya Ham1, kitu adimu kwa virusi vya mimea. Namikonga nayo ina asili yake. Ni tunda la uzalishaji wa mbegu uliofanyika Amani wakati wa Waingereza, mihogo ilipochanganywa na jamaa zake wa mwituni. Kenya mti huohuo wanauita Kaleso. Watafiti wameshaichanganya na Albert na kupanda watoto wake Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo hapa Mtwara, wakitafuta sehemu za kromosomu zinazobeba ukinzani.

Mimi sikuanzia kwenye matangazo ya nafasi, nilianzia kwenye makala za kisayansi. Nilikuwa nasoma sehemu ya mbinu kwanza, kuona mihogo yao wameitoa wapi na virusi vyao vilikusanywa wapi. Maabara inayotegemea sampuli za pwani ya Afrika Mashariki inamhitaji mtu anayeijua pwani hiyo. Barua niliyomwandikia profesa ilikuwa fupi: makala yake ipi nimeisoma, imeacha pengo gani, na mikono yangu inaweza nini, yaani kutoa RNA kwenye majani ya muhogo yenye utomvu mgumu, kuendesha RT-PCR, kipimo cha kutambua virusi kwa RNA yake, na kuchambua mpangilio wa vinasaba kwa kompyuta. Kisha nikaeleza nilicho nacho mimi na yeye hana: shamba ambalo virusi na inzi weupe wapo wenyewe, bila kupandikizwa. Wengine niliowaandikia walinyamaza. Huyu alijibu, tukazungumza kwa video, na maswali yake yote yalihusu shamba.

Ufadhili niliutafuta baada ya kumpata mwenyeji, na nashauri mfuatano huohuo, kwa sababu karibu kila mfuko unataka barua yake. Programu ya ufadhili ya Marie Skłodowska-Curie ya Umoja wa Ulaya hufungua dirisha mara moja kwa mwaka, na haikubali mtu aliyekwisha kaa nchi anayoiendea zaidi ya miezi 12 ndani ya miaka 3 iliyotangulia. TWAS, akademia ya sayansi ya nchi zinazoendelea, inawafaa wanaotaka kwenda nchi nyingine zinazoendelea. Mimi nilichagua Humboldt, taasisi ya ufadhili ya Ujerumani: inapokea maombi mwaka mzima, inafadhili kuanzia miezi 6 hadi 24, na kwa ngazi ya postidoki inataka uwe hujatimiza miaka 4 tangu uzamivu. Mpango wa utafiti niliuandika pamoja na mwenyeji, aya kwa aya, na nusu ya majaribio tukayaweka Mtwara. Hapo nilisimama imara, kwa kuwa ukinzani uliothibitishwa ndani ya nyumba ya vioo huko Ulaya haujamsaidia mkulima wa Nanyamba mpaka uonekane kwenye mchanga wake na inzi wake.

Kazi iliyonichosha ilikuwa vibali vya sampuli, nayo haisemwi sana. Majani yenye virusi huwezi kuyatia kwenye begi ukapanda ndege. Unahitaji kibali cha utafiti cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), cheti cha afya ya mimea kutoka TPHPA (Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu), mkataba wa kuhamisha sampuli kati ya taasisi mbili, na kibali cha kuingiza virusi anachokiomba mwenyeji huko kwao. Chini ya Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, makubaliano ya kimataifa ya kugawana manufaa ya rasilimali za kijenetiki, mkataba unapaswa kusema wazi nani atanufaika na kitakachogunduliwa. Yasome maneno hayo taratibu kabla ya kusaini. Mimi nilisisitiza mpangilio wa vinasaba ubaki pia kwenye hifadhi yetu, na kwamba mtafiti wa huku atakuwa mwandishi mwenza wa makala.

Kwa mtumishi wa umma kuna barua ya ruhusa ya mwajiri. Iombe mara tu mwenyeji anapokubali, usingoje majibu ya mfuko, kwa sababu hupita meza nyingi. Ya kwangu niliipata wakati maombi bado yako kwa wasomaji wa mfuko wanaoyapima, na majibu yalipokuja nilibakiwa na miadi ya viza tu.