Siku moja maishani mwangu: muuguzi anayetunza siri za askari

Saa 1:15 asubuhi

Kliniki yetu iko nyuma ya makao makuu, na mlango wake unaelekea maegesho ya magari badala ya geti kuu. Aliyeupanga hivyo aliijua kazi: askari anayekuja kuonana na muuguzi hapiti chini ya madirisha ya mabosi wake. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, muuguzi wa afya kazini katika jeshi moja la polisi kaskazini mwa England. Askari siwatibu, madaktari wao wako huko mitaani wanakoishi. Mimi napima kama kazi inawaumiza, na kama waliyo nayo yanawaruhusu kuifanya.

Nikiingia kwenye kompyuta, mfumo unaandika jina langu, saa, na kila faili ninalolifungua. Mwajiri ana mafaili mawili ya kila mtu. La kwanza liko ofisi ya utumishi: mkataba, mshahara, akaunti ya benki, ndugu wa kupigiwa simu ikitokea dharura, likizo, adhabu. La pili ni la afya, liko kwetu, na hata mkuu wa polisi hana njia ya kulifungua.

Saa 2:00

Askari wapya walikuja kupimwa macho, masikio na presha. Huwa nawaeleza mapema ni mangapi mwajiri atayajua, kwa sababu ni mengi kuliko kazi nyingine. Alama za vidole na sampuli ya vinasaba huchukuliwa ili askari akigusa kitu mahali pa uhalifu asichanganywe na mshukiwa, na huhifadhiwa mbali na zile za wahalifu. Uchunguzi wa kabla ya ajira unadai majina na tarehe za kuzaliwa za wazazi, ndugu na mwenza. Hao hawakuomba kazi yoyote, lakini majina yao yameingia kwenye hifadhi ya polisi. Hili linanigusa kila mara, kwa hiyo nawahimiza vijana wawaambie watu wao nyumbani kwamba wametajwa.

Wengi wanadhani mwajiri anashika taarifa zao kwa kuwa walitia sahihi. Sivyo hasa. Mtu anayetafuta kazi hana uhuru wa kweli wa kukataa, ndiyo maana chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa ya 2018 mwajiri wa Uingereza kwa kawaida hutegemea wajibu wake wa kisheria kama mwajiri. Afya iko kwenye kundi linalolindwa zaidi, kwa hiyo lazima aonyeshe sababu mahususi ya kuigusa. Ridhaa ya mgonjwa ni jambo jingine, nalo linatoka kwenye miiko ya uuguzi na udaktari. Mwajiri anaweza kuwa na haki ya kuomba ripoti, na mimi bado sitaituma bila mwenyewe kukubali.

Saa 3:30

Simu ya sajini. Askari wake hajaonekana kazini kwa wiki kadhaa. Hapa mfanyakazi hujiandikia mwenyewe siku saba za mwanzo za ugonjwa, zikipita anatakiwa cheti cha daktari, ile tunayoiita ED nyumbani. Cheti kilikuwapo. Sajini alitaka zaidi.

"Niambie tu, ni mgongo au ni kichwa?"

Si mtu mbaya. Ana ratiba ya zamu za usiku yenye mapengo na wakubwa wanaomsukuma. Nikamwuliza ana uamuzi gani wa kufanya wiki hii, akautaja: kama amweke kijana huyo zamu ya usiku mwezi ujao. Basi hilo ndilo nitakalolijibu. Ripoti yangu itasema kama anaweza kuendesha gari la dharura, kama anaweza kwenda doria peke yake, aanze na saa ngapi kwa siku, na lini tumpime tena. Jina la ugonjwa halimsaidii sajini kupanga hata zamu moja.

Kabla ripoti haijaondoka, askari ataisoma. Palipo na kosa la ukweli tutaparekebisha. Akikataa isiende, haitakwenda, ingawa namwambia wazi kwamba hapo bosi ataamua kwa kile kidogo anachokijua. Namwambia pia, mwanzoni mwa kila miadi, mpaka wa siri yenyewe: nikiona maisha yake au ya mtu mwingine yako hatarini, nitasema.

Nashikilia msimamo huu kwa moyo wote kwa kuwa nimeona upande wa pili. Askari anayeamini ugonjwa wake utafika kantini haji kwetu. Anameza vidonge kimyakimya, hapati usingizi, na usiku anatoka kwenda kusimamia ugomvi wa watu akiwa na kirungu na Taser, silaha ya shoti ya umeme, kiunoni. Raia aliyepiga simu kuomba msaada naye analindwa na siri hii.

Saa 5:00

Mwalimu wa shabaha, kupima damu. Siku nzima yuko kwenye ukumbi wa ndani wa kufyatulia bunduki, na vumbi la madini ya risasi linaingia mapafuni. Hapa mpango ni tofauti: mwajiri lazima apate majibu. Kanuni za 2002 za madini ya risasi kazini ziliweka kikomo cha mikrogramu 60 kwa kila desilita ya damu, na 30 kwa mwanamke anayeweza kuzaa, kwa sababu madini haya humdhuru mtoto tumboni. Ukifika hapo, daktari anaamua kama uondolewe kwenye kazi hiyo. Kumbukumbu hutunzwa miaka 40, maana madhara yanaweza kujitokeza mtu akiwa amestaafu zamani.

Nilimweleza, akanyoosha mkono.

Saa 7:00 mchana

Nilikuwa nakula benchini nje, akaja askari kijana ambaye wazazi wake ni watu wa Dar es Salaam.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, hujambo?"

"Sijambo. Dada, nina miadi kwenu wiki ijayo, nikaona barua ina jina lako." Akanyamaza kidogo. "Mama yangu na shangazi yako wanaswali msikiti mmoja."

Nilimwelewa bila maelezo zaidi. Kwetu mtu akiugua, watu hujaa: uji unapikwa, mchango unapitishwa, dua inasomwa. Naipenda hali hiyo na naikumbuka sana huku ugenini. Lakini mgonjwa ndiye wa kusema lini watu waje.

"Mdogo wangu, miadi yako ataichukua mwenzangu," nikamwambia. "Na faili lako nitaomba lifungwe kwangu, nisiweze hata kuliona."

"Hata ikiwa jambo kubwa?"

"Hata ikiwa kubwa. Siku ukitaka nijue, utaniambia wewe mwenyewe."

Niliandika ombi hilo kabla ya kumaliza chakula. Mfumo unaruhusu, na ni la dakika chache.

Saa 8:30

Kikao na afisa wa ulinzi wa taarifa. Wakuu wanataka jedwali la ugonjwa: kila kituo, kila kitengo, sababu za kukosa kazi. Nia yao ni njema, wanataka kuona wapi watu wanachoka. Ila kuna vituo vidogo sana. Kituo chenye wanawake wachache, mmoja akiwa nje kwa "matatizo ya uzazi", hakihitaji jina lake kwenye jedwali. Wenzake watamjua kabla hawajafika mwisho wa mstari. Tukaunganisha vituo vidogo, tukafuta idadi ndogondogo, na sababu tukazitaja kwa makundi mapana tu.

Afisa huyo hakosi kulikumbusha jambo la Ireland Kaskazini, na mimi sichoki kulisikia. Tarehe 8 Agosti 2023 polisi wa huko walijibu ombi la mwananchi aliyetaka kujua idadi ya watumishi wa kila cheo. Jedwali walilotuma lilikuwa na ukurasa uliofichwa, wenye jina la ukoo, herufi za mwanzo za majina, cheo, kituo na kitengo cha watumishi 9,483, yaani jeshi zima. Lilikaa kwenye intaneti zaidi ya saa mbili. Ni nchi ambako askari wengine hawawaambii majirani kazi yao, na huchungulia chini ya gari kabla ya kuliwasha, wakihofia bomu. Februari ya mwaka huohuo mpelelezi mmoja alipigwa risasi mjini Omagh akiwa na mwanawe. Mkuu wa polisi alisema orodha imefika kwa makundi yenye silaha, na mwezi uliofuata akajiuzulu. Mwaka 2024 Kamishna wa Habari, msimamizi wa ulinzi wa taarifa Uingereza, aliwatoza polisi hao faini ya pauni 750,000, akieleza kuwa ingekuwa milioni 5.6 kama taasisi za umma zisingepunguziwa.

Hakuna mdukuzi aliyevunja chochote. Mtu alituma faili bila kufungua kurasa zake zote. Ndiyo maana sisi hatutumi jedwali asilia, tunatuma nakala isiyo na kitu nyuma yake, na lazima mtu wa pili aikague.

Saa 10:00 jioni

Askari mstaafu ameomba nakala ya faili lake la afya. Sheria inampa haki hiyo, na tuna mwezi mmoja wa kumjibu. (Wasomaji wa nyumbani, haki ya kuona taarifa zako mnayo pia: Kenya sheria ni ya 2019, na ya Tanzania ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Zote zinaihesabu afya kuwa taarifa nyeti.) Makaratasi ni ya zamani, mengine ya kuandikwa kwa mkono, na kila ukurasa naukagua kabla haujatoka.

Katikati nikakuta ukurasa wenye jina lake la ukoo na namba ya utumishi isiyo yake. Ni siri nzito ya mtu mwingine, imekaa humo kwa miongo mingi.

Nimeutoa kwenye nakala na kumpigia simu afisa wa ulinzi wa taarifa. Kisha nikampigia mzee mwenyewe, kwa sababu ana haki ya kujua kwamba karatasi ya mwingine ilikuwa ndani ya faili lake na huenda ilisomwa kama yake. Aliuliza inahusu nini. Sikuweza kumwambia, maana kwa jina lile angemjua mwenzake mara moja. Akafikiri, akauliza kama ndiyo iliyomkosesha kozi ya udereva wa kasi aliyonyimwa zamani bila sababu.

Sijui. Swali lake nimeliandika kama alivyolisema, nikaliambatanisha na taarifa ya tukio pamoja na ombi kwamba kumbukumbu za kozi ile zitafutwe ofisi ya utumishi. Afisa ana saa 72 za kuamua na, ikibidi, kumwarifu Kamishna, na zimeanza kuhesabiwa saa 10:40.