Hadithi fupi nje ya mtihani: kumbukumbu ya mradi wa kusoma

Lengo la mradi ni kuzisoma diwani za hadithi fupi za Kiswahili za miaka ya karibuni kwa raha, hadithi moja moja, bila dondoo wala maksi. Nchini Kenya hadithi nyingi bora za kizazi hiki zimewafikia wasomaji zikiwa vitabu vya kutahiniwa. Damu Nyeusi na Hadithi Nyingine, iliyohaririwa na Ken Walibora na Said A. Mohamed ikatoka mwaka 2007, ilisomwa kwa ajili ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Ilipotoka kwenye silabasi ikaingia Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine, ya wahariri Alifa Chokocho na Dumu Kayanda, na baada yake Mapambazuko ya Machweo na Hadithi Nyingine. Wengi waliozisoma walizifunga siku ya karatasi ya tatu na hawajazifungua tena. Ni hasara kubwa, kwa sababu hadithi zenyewe ni tamu.

Kupata nakala

Kitabu kikishatoka kwenye silabasi, bei yake kwa wauza vitabu vya mitumba huporomoka. Huo ndio wakati wa kununua. Kabla ya kulipa, fuatisha namba za kurasa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Vitabu hufungwa kwa mafungu, mara nyingi ya kurasa 16, kwa hiyo gundi ikiachia huchomoka fungu zima. Hadithi ya kurasa kumi inaweza kuwa imepotea yote na kitabu kisionekane kimepungua mkononi. Fungua ukurasa wa yaliyomo, kisha hakikisha kila hadithi ina mwanzo na mwisho wake.

Nakala za magendo zinatambulika: herufi zimevimba kwa wino, rangi ya jalada imefifia, na maandishi yamekatwa karibu mno na ukingo. Ziache. Mwandishi hapati hata shilingi, na mara nyingi kuna kurasa zilizorudiwa mahali pa zile zilizokosekana.

Tatizo lingine la mitumba ni pambizo. Mwanafunzi aliyetangulia ameandika "kejeli", "tashbihi", "linganisha na swali la 2". Penseli inafutika. Wino haufutiki, na wapo walioandika mwisho wa hadithi juu ya ukurasa wake wa kwanza. Kata ukanda wa karatasi ya manila wenye upana wa sentimita 3, ufunike pambizo huku unasoma, na ukanda wa pili ufunike sehemu ya juu ya ukurasa. Unafanya kazi vizuri kuliko inavyotarajiwa.

Utaratibu wa kusoma

Utangulizi wa mhariri husomwa mwisho. Katika diwani za shule utangulizi mara nyingi hugusia kila hadithi, na ukiuanza huo unakuwa umeshaambiwa nani atakufa. Maswali yaliyo mwishoni mwa hadithi yarukwe. Sherehe, yaani orodha ya maneno magumu, itumike baada ya kumaliza, isipokuwa neno lenyewe limefunga njia kabisa. Mwongozo, yaani kitabu cha kuichambua diwani kwa ajili ya mtihani, usiwe hata chumbani. Si kwamba miongozo ni mibaya kwa kazi yake. Inakupa jibu kabla hujakutana na jambo lenyewe, na ukishalipata jibu unasoma ukitafuta ushahidi tu.

Soma hadithi moja kwa kikao, si zaidi. Diwani yenye waandishi wengi huelekea kurudia mambo yaleyale: ardhi, ufisadi, ndoa, dawa za kulevya. Ukisoma tatu mfululizo, wahusika wanachanganyika, na waziri wa hadithi ya kwanza anaanza kula kwenye karamu ya hadithi ya tatu. Tumbo Lisiloshiba ina hadithi 13, na kwa mwendo wa mbili kwa wiki inaisha bila haraka. Si lazima kufuata mpangilio wa kitabu. Baada ya hadithi nzito kama Mame Bakari ya Mohammed Khelef Ghassany, ambamo msichana Sara anabeba mimba ya kubakwa, ni busara kwenda kwenye Masharti ya Kisasa ya Alifa Chokocho, ambamo Dadi, mchuuzi wa samaki, anasumbuliwa na wivu juu ya mkewe Kidawa. Kuna kicheko humo, na msomaji anakihitaji.

Tuichukue hadithi iliyokipa kitabu jina, ya Said A. Mohamed. Tuko Madongoporomoka, mtaa wa watu wanyonge unaotamaniwa na wenye nguvu. Ndani ya mkahawa wa Mzee Mago linaingia Jitu, linaagiza chakula, linakula, linaagiza tena, mpaka vyungu vyote vinabaki vitupu, kisha linaahidi kurudi. Baadaye yanakuja mabuldoza. Mtahiniwa anajua la kuandika: Jitu ni taswira ya wanyakuzi wa ardhi. Ni kweli, lakini ukilibeba jibu hilo tangu mstari wa kwanza unaupita ule mkahawa bila kuketi. Unakosa watu waliosimamisha mazungumzo yao kulitazama, na hofu inayopanda kadiri sahani zinavyoondolewa. Kwa hiyo kanuni ya mradi ni kwamba usomaji wa kwanza hauulizi mhusika anawakilisha nini. Usomaji wa pili, ukipita angalau usiku mmoja, unaruhusiwa kuuliza.

Shogake Dada ana Ndevu, pia ya Chokocho, inafundisha jambo la ufundi. Anwani imeshatoboa siri. Msomaji anajua kuhusu yule "shoga", yaani rafiki wa kike, anayekuja kudurusu na Safia kabla hajakutana na wazazi, Bwana Masudi na Bi Hamida, wanaojivunia binti yao mwenye adabu. Kwa hiyo mvuto hautoki kwenye kutaka kujua siri. Unatoka kwenye kuwatazama watu wazima wasiyaone yaliyo mbele ya macho yao. Ukiisoma ukisubiri mshangao utaiona nyepesi. Ukiisoma ukiwasikiliza wazazi wanavyomsifu mtoto wao, kila sifa inauma.

Kadi

Kila hadithi ina kadi moja ya nusu karatasi ya A5. Juu kabisa jina la hadithi na la mwandishi. Chini yake sentensi ya kwanza ya hadithi, imenakiliwa kwa mkono neno kwa neno. Halafu namba ya ukurasa ambapo mambo yanageuka, neno moja jipya, na mahali pengine ambapo mwandishi huyo anapatikana. Basi. Kinachoharibu kadi ni muhtasari. Ukianza kueleza kisa, kadi inajaa, na inageuka kuwa mwongozo wako mwenyewe. Sentensi ya kwanza pekee inatosha kuirudisha hadithi nzima hata miezi ikipita, mradi uliinakili kwa mkono.

Kumfuata mwandishi

Hapa ndipo mradi unaponoga. Diwani ya wengi ni mlango tu. Jina likikugusa, tafuta kitabu ambacho mwandishi huyo anakimiliki peke yake, kwa sababu hapo unaona anavyorudia, anavyojaribu na anavyoacha.

Said A. Mohamed, mzaliwa wa Pemba mwaka 1947, ndiye rahisi kumfuata. Si Shetani si Wazimu ilitoka 1985, Sadiki Ukipenda 2002, na Arusi ya Buldoza na Hadithi Nyingine 2005. Aliyetoka kwenye mkahawa wa Mzee Mago akaliona jalada la hicho cha 2005 atatambua mara moja kwamba buldoza ni mgeni wa zamani katika kazi zake. Ghassany anaongoza kwingine kabisa, kwenye ushairi: N'na Kwetu ilishinda upande wa mashairi katika awamu ya kwanza ya Tuzo ya Mabati-Cornell ya fasihi ya Kiswahili. Clara Momanyi, aliyeandika hadithi iliyoipa jina diwani ya Mapambazuko ya Machweo, yumo pia katika No Edges, mkusanyiko wa tafsiri za Kiingereza uliotoka Marekani mwaka 2023. Angalizo kwa watakaoutafuta: si zote humo ni hadithi fupi. Baadhi ni vipande vya riwaya, kama Walenisi ya Katama Mkangi, navyo vinaishia hewani kwa sababu havikuandikwa viishie pale. Visihesabiwe kasoro ya mwandishi.

Kwa kurudi nyuma, Kicheko cha Ushindi ya M. S. Mohamed, ya mwaka 1978, ni ngumu kuipata madukani. Anza na maktaba za vyuo vikuu, na uulize kwa jina la mwandishi kamili, Mohamed Suleiman Mohamed. Ukisema "Mohamed" tu utaletewa Said.

Kusoma kwa sauti

Kwa kasi ya maneno 120 kwa dakika, hadithi ya maneno 3,000 inachukua dakika 25. Ikizidi dakika 30 wasikilizaji wanaanza kuchoka, hivyo ndefu zigawanywe kwa wasomaji wawili, na wabadilishane pale mandhari inapobadilika, kamwe si katikati ya mazungumzo. Hadithi za waandishi wa Unguja na Pemba zisomwe na mtu wa huko akipatikana, maana majibizano yake yana mwendo ambao msomaji wa bara huupitisha mbio. Nizikeni Papa Hapa ya Ken Walibora inafaa sana kwa sauti: Otii, mchezaji kandanda, anaomba azikwe palepale Mombasa, na jamaa wanaamua vingine.

Sasa zamu ni ya Sadiki Ukipenda. Kadi zake zimekatwa, na utangulizi umebanwa kwa klipu mpaka hadithi ya mwisho isomwe.