Gitaa la Mjomba na Mbao za Japani

Jumamosi iliyopita nilifungua skrubu nne zinazoshikilia shingo ya gitaa la umeme nililoachiwa na marehemu mjomba wangu, na nilichokiona chini yake kilinivunjia imani niliyoishi nayo tangu ujana. Pale shingo inapoketi ndani ya kiwiliwili, mahali ambapo kiwandani hawakujisumbua kupaka rangi kwa kuwa hapaonekani, ukingo wa ubao ulikuwa na mistari: mwembamba wa rangi ya maziwa, mnene wa rangi ya udongo, kisha mwembamba tena, hadi nikahesabu matabaka saba. Fundi seremala niliyempelekea, mzee wa Chikongola, Mtwara, aliyeshika randa tangu kabla sijazaliwa, alipitisha ukucha juu ya mistari hiyo, akainama akanusa, akaniambia kwa upole: "Mwalimu, hii ni plaiwudi. Mjomba wako alikuwa anapiga meza."

Sikucheka. Mjomba alilinunua gitaa hilo Dar es Salaam kwa baharia mmoja, akalisafirisha hadi Mikindani juu ya gunia za chumvi kwenye lori lililovuka Rufiji kwa pantoni, enzi ambazo Daraja la Mkapa, lililokuja kufunguliwa mwaka 2003, lilikuwa bado ni ndoto. Alilipigia harusi na ngoma za msimu wa korosho, na kila aliyeuliza siri ya sauti yake alijibiwa jibu moja: Mjapani wa zamani alitumia mti wa kweli. Huku kwetu kusini mpwa hurithi vitu vya mjomba pamoja na maneno yake, kwa hiyo nami nimekuwa nikiyarudia maneno hayo mbele ya watu kwa sauti ya mjuzi. Nimeona ni haki niyasahihishe hadharani kama nilivyoyaeneza hadharani.

Nyuma ya gitaa hilo kuna bamba dogo la chuma lenye jina la Japani tu, bila namba yoyote. Magitaa ya namna hiyo yalitengenezwa kwa wingi katika miaka ya 1960 na 1970, na jina lililoandikwa kichwani mara nyingi lilikuwa la muuzaji wa Ulaya au Marekani, si la aliyelichonga. Viwanda vyenyewe vilikuwa vichache kuliko majina. Mji wa Matsumoto, ulio bondeni kati ya milima ya mkoa wa Nagano, ulikuwa na viwili vinavyokumbukwa zaidi: Fujigen, kilichoanzishwa mwaka 1960 na kilichotengeneza magitaa ya Ibanez na Greco, na Matsumoku, ambacho kabla ya magitaa kilikuwa kikitengeneza makabati ya cherehani za Singer. Habari hiyo ya cherehani nilipomsimulia fundi, aliweka patasi chini na kusema kwamba sasa ameelewa kwa nini maungio ya shingo yamebana kama droo. Hamamatsu, mji mwingine wa vyombo vya muziki, ulikuwa na Yamaha na Tokai.

Kuhusu miti yenyewe, ukweli ni kwamba hakuna mti mmoja unaoweza kuitwa mti wa Kijapani. Kwa magitaa ya bei ya chini, viwanda vilitumia lauan kutoka Ufilipino, mti uleule uliojaza dunia plaiwudi, pamoja na nyatoh ya Asia ya Kusini-Mashariki, ambayo wauzaji hupenda kuiita mahogani ingawa si jamaa yake. Mahogani halisi ina ujamaa na mkangazi wetu, na ilihifadhiwa kwa magitaa ya bei ya juu. Mahali ambapo Wamarekani walitumia eshi, mti mgumu wa kwao, Wajapani mara nyingi waliweka sen, mti wa kwao wenye mistari inayofanana sana na ya eshi hivi kwamba chini ya vanishi hata mzoefu hudanganyika. Upo pia mti mweupe, mlaini na mwepesi ambao wao huuita shina, jina ambalo lingemchekesha Mswahili yeyote, maana fundi aliniuliza: "Shina la mti gani?" Shingo nyingi zilikuwa za mepuli, mti mgumu wa nchi za baridi, au za mahogani, na juu yake ukagandishwa ubao wa vidole wa jamii ya Dalbergia, yaani ndugu wa damu wa mpingo unaoota Kilwa, Liwale na Nachingwea.

Sasa, je, mti huo husikika? Gitaa la umeme kama hili halina tumbo la kukuza sauti kama gitaa kavu. Chini ya nyuzi kuna sumaku iliyozungushiwa maelfu ya mizunguko ya waya wa shaba mwembamba kuliko unywele, na uzi wa chuma ukitikisika juu yake huzalisha umeme mdogo unaopelekwa kwenye amplifaya. Sumaku haisikii mbao. Inasikia chuma kinachotikisika. Mti unaweza kuingia katika habari hii kwa njia moja tu, nayo ni kuamua sehemu gani ya mtikisiko inyonywe na ipi iachwe ndani ya uzi, na hapo shingo ndefu na nyembamba ina neno kubwa kuliko kiwiliwili kinene. Watu hubishana mpaka usiku wa manane juu ya jambo hili. Mimi, baada ya kupiga kwa miaka mingi gitaa la plaiwudi nikiamini ni mahogani, na kusifiwa kwa utamu wa mahogani hiyo, nadhani sina tena haki ya kubishana upande wa mbao.

Hata hivyo, siwezi kukubali kwamba gitaa la mjomba ni meza. Tuliilaza shingo yake juu ya rula ya chuma ya fundi, tukaangalia mwanga wa mlango ukipita katikati, na mwanga ulikuwa mwembamba na sawa toka kichwani hadi mwisho. Shingo hiyo imekaa zaidi ya miaka arobaini mbele ya bahari, chini ya kitanda kilicho ukutani mwa nyumba ya matumbawe, ikipigwa na unyevu wa masika na upepo wa kusi. Imeunganishwa kwa vipande vitatu vya mepuli vilivyopangwa ili mwelekeo wa nyuzinyuzi za kipande kimoja uzuie kupinda kwa kingine, na ndani yake umepitishwa ufito wa chuma unaokazwa kwa spana ndogo. Fundi alinieleza kilichobaki kwa maneno yake: mbao iliyokaushwa kwa haraka hulipiza kisasi baadaye, na hii haijalipiza. Ninalo gitaa jingine, jipya, nililonunua mjini miaka michache iliyopita kwa bei iliyoniuma, ambalo muuzaji aliniapia kwamba ni mti mtupu bila tabaka. Ni kweli ni mti mtupu. Katika msimu wake wa pili wa mvua shingo ilijikunja kama jani la mgomba.

Nafasi za freti, vile vijiti vya chuma vinavyokatiza ubao wa vidole, nazo tulizipima. Kwenye gitaa lenye uzi wa milimita 648 kutoka kizingiti, kile kipande chenye mifereji ya nyuzi karibu na kichwa, hadi darajani, pale nyuzi zinapoishia kwenye kiwiliwili, freti ya kwanza lazima iwe takribani milimita 36.4 kutoka kizingiti, na kila inayofuata hupunguzwa kwa kugawanya urefu uliobaki kwa 17.817. Msumeno ukikosea nusu milimita katika freti za juu, sikio la mpigaji yeyote wa solo litajua, na hakuna kukaza wala kulegeza kutakakoponya. Gitaa la mjomba ni la milimita 628, ule urefu mfupi, na tulipolinganisha hesabu na rula hatukupata kosa ambalo macho yetu mawili yangeweza kuliona. Hapo ndipo fundi aliponyamaza kidogo, kisha akafuta neno lake la meza.

Naona basi kwamba sifa ya Mjapani wa zamani ilikuwa ya kweli, ila iliwekwa mahali pasipo pake. Katikati ya miaka ya 1970 viwanda hivyo vilikuwa vikinakili magitaa ya Kimarekani kwa umakini uliozidi kila mwaka, mpaka mwaka 1977 kampuni mama ya Gibson, watengenezaji wa magitaa wa Kimarekani, ikawashitaki wasambazaji wa Ibanez nchini Marekani kwa sababu ya umbo la kichwa cha gitaa. Shauri hilo lilimalizwa kwa makubaliano, na halikuhusu mti wala sauti, ingawa leo kila nakala ya Kijapani inayouzwa mtandaoni husemwa ni "ya enzi za kesi" ili bei ipande. Kabla ya hapo, mwaka 1976, Yamaha walikuwa wametoa gitaa la SG-2000, ambalo shingo yake hupenya kiwiliwili chote hadi mwisho, na chini ya daraja wameweka bamba la shaba nyeupe. Mwaka 1982 Fender wenyewe, kampuni nyingine kubwa ya magitaa ya Marekani, wakaanzisha tawi Japani na kuwapa Fujigen kazi ya kutengeneza. Baada ya mwaka 1985 sarafu ya yen ilipanda sana, kazi za bei nafuu zikahamia Korea Kusini, na mwaka 1987 Matsumoku ikafunga milango.

Kabla ya kufunga skrubu, nilimuuliza fundi kama tungeweza kulitengenezea gitaa hili kiwiliwili kipya cha mpingo, ili angalau liwe na mti wa kujivunia. Aliniangalia kama mtu aliyetukaniwa watoto. Mpingo huzama majini. Lita moja yake ina uzito wa takribani kilo 1.2, na kiwiliwili cha gitaa kina ujazo wa zaidi ya lita nne, hivyo ningening'iniza begani karibu kilo tano kabla ya kuongeza shingo na vyuma. Tena mti huo huhitaji miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa, na vipande vizuri huchukuliwa na watengenezaji wa klarineti, ala ya kupuliza, wanaovinunua kwa bei ambayo mwalimu haifikii. "Ukitaka kiwiliwili," alisema, "nitakuchongea mninga, ni nusu ya uzito huo. Lakini plaiwudi hii ina kosa gani?"

Sikuwa na jibu, kwa hiyo tumeiacha. Kilichobadilishwa ni kizingiti tu, kwani kile cha plastiki kilikuwa kimelika na uzi wa kwanza ulikuwa ukilia juu ya freti. Fundi alitoa kipande cha mpingo kisichozidi kidole, masalia ya kinyago, akakichonga kwa patasi na kukisugua kwa msasa mpaka kikang'aa bila vanishi, akakata mifereji sita kwa ubapa mwembamba wa msumeno wa chuma. Uzi wa tatu bado unakwama kidogo katika mfereji wake. Ameniambia nilirudishe Ijumaa baada ya swala, na nije na msasa laini, wake umekwisha.