Nchi Isiyo na Bahari: Kutoka Ungheni hadi Giurgiulești

Saa tisa usiku behewa letu liliinuliwa hewani, sisi abiria tukiwa ndani. Nilikuwa nimelala kitanda cha juu. Nilisikia chuma kikigongwa chini yangu, kisha sakafu ikaanza kupanda polepole. Nilipochungulia dirishani niliwaona mafundi wenye makoti mazito wakiyasukuma magurudumu yetu yatoke chini ya behewa, yote, na mengine yakija kushika nafasi yake. Tulikuwa Ungheni, mji wa mpakani wa Moldova. Tulikuwa tumeshavuka mto Prut kwa daraja la chuma la mwaka 1877, kazi ya Gustave Eiffel, yule wa mnara wa Paris. Upande wa Romania reli ina upana wa milimita 1435. Upande wa Moldova ni 1520, kipimo cha Sovieti. Tofauti yake ni milimita 85, kama upana wa kiganja. Kwa ajili ya kiganja hicho, treni ya Bucharest kwenda Chișinău hubadilishwa miguu kila safari.

Wenzangu walijifunika blanketi wakalala tena. Mimi nilikaa dirishani mpaka mwisho, maana hiyo ndiyo kazi yangu. Kwa miaka 18 nimekuwa wakala wa forodha katika bandari ya Dar es Salaam, na mizigo mingi iliyopita mikononi mwangu ni ya transiti: shaba ya Kongo na Zambia, kontena za Kigali, mbolea ya Burundi. Naijua Kidatu, pale reli ya TAZARA ya milimita 1067 inapokutana na reli ya zamani ya milimita 1000, mzigo ukashushwa na kupakiwa upya. Najua lori linavyoweza kulala Tunduma siku kadhaa kwa karatasi moja. Lakini siku zote nimezitazama nchi zisizo na bahari nikiwa nimesimama mlangoni, upande wa mwenye funguo. Oktoba 2023 nilikuwa Bucharest kikazi, nikabakiwa na siku sita, nikakata tiketi ili nikaone maisha yakoje kwa wale wa ndani.

Tuliingia Chișinău asubuhi, jua jepesi, baridi ya kuvumilika. Nje tu ya stesheni kuna soko la vitu vya mkononi. Wazee wametandaza nguo chini na juu yake wamepanga vijiko, medali za Sovieti, kamera za zamani, spana, viatu vilivyong'arishwa. Nilisimama mbele ya bibi mmoja aliyekuwa akiuza vikombe sita vya chai vyenye ukingo wa dhahabu, seti kamili, haijapungua hata kimoja. Hakuita wateja. Nilijiuliza vilikaa kabatini miaka mingapi kabla ya kufika pale.

Moldova ilijitangazia uhuru tarehe 27 Agosti 1991. Kabla ya hapo ilikuwa bustani ya Sovieti: matunda, mboga, tumbaku, mvinyo. Ilikuwa na viwanda pia, vya trekta, vya pampu, vya vifaa vya elektroniki, na bidhaa zake zilitawanywa hadi pembe za mbali za dola ile kubwa. Dola ilipovunjika, mnunuzi alitoweka na viwanda vikabaki vimesimama. Sarafu ya leu ilianza Novemba 1993, ikichukua nafasi ya kuponi za muda. Wananchi waligawiwa vocha za kununulia hisa katika mashirika ya umma, na wengi waliziweka kwenye mifuko ya uwekezaji ambayo hawakusikia habari zake tena. Kufikia 1999 uchumi ulikuwa umebaki kama theluthi moja ya ulivyokuwa muongo mmoja nyuma. Sisi Watanzania tulioona mashirika yetu yakiuzwa miaka ileile tunaijua ladha ya habari hizi, ila kwetu anguko halikuwa na kina kama hiki.

Mjini, kitu kilichonivuta jicho kuliko vyote ni vibanda vya kubadili fedha. Viko karibu kila kona, bango lenye bei za euro, dola na leu ya Romania. Dola moja ilikuwa kama leu 18. Nilishangaa mji huu unaletewa na nani fedha zote hizo za kigeni, kwa kuwa watalii niliowaona walihesabika. Jibu nililipata karibu na stendi ya mabasi. Magari madogo yenye namba za Moldova na vibandiko vya Italia yalikuwa yamepangana, milango ya nyuma wazi. Watu walikuja na maboksi yaliyofungwa gundi ya karatasi pande zote, juu yake yameandikwa jina, simu na mji: Padova, Bologna, Verona. Ndani ni jibini ya kijijini, mitungi ya mboga za siki, mvinyo wa nyumbani kwenye chupa za maji. Dereva anapima kwa mzani wa mkono, anataja bei, anaandika kwenye daftari. Safari ya kurudi huleta kahawa, nguo, mafuta ya zeituni na bahasha. Nilitazama mizigo ikipangwa nikakiri moyoni kwamba sijawahi kuona manifesti, yaani orodha ya mizigo, iliyotunzwa vizuri kuliko daftari lile.

Mmoja wa waliokuwa wakisubiri alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mjuzi wa Kiingereza, aliyeleta boksi la mama yake aliyeko Italia. Tulizungumza, akataka kujua kazi yangu, nikamwambia. Akacheka kwa furaha kusikia kwamba mtu wa bandari amekuja nchi isiyo na bandari ya bahari. Kesho yake alinichukua kwenda kwa bibi yake, kijiji kimoja cha wilaya ya Orhei. Tulipanda rutiera, nayo ni daladala kamili: imejaa, mtu akiwa nyuma hupitisha nauli mkononi mwa abiria hadi kwa dereva, na chenji hurudi kwa njia ileile bila kupungua.

Njiani barabara imepakana na mijozi, miti ya zile kokwa ngumu ambazo ukizipasua ndani zimekunjamana kama ubongo. Watu waliegesha baiskeli wakiokota. Nje ya miti hiyo kuna udongo ambao sijapata kuuona kwingine. Ni mweusi kabisa, unang'aa pale jembe la trekta lilipopita. Huo ndio mali ya Moldova, na sehemu kubwa ya nchi imefunikwa nao.

Kijana alinifundisha salamu kabla hatujafika getini. Mwanamke mtu mzima huambiwa „sărut mâna", maana yake nabusu mkono. Nilipoitamka, bibi alinyoosha mkono, akanishika bega, akanivuta ndani. Kwa mtu aliyekuzwa kwa shikamoo, salamu hiyo ilinifanya nijisikie nimefika kwa watu.

Chakula kilikuwa mămăligă. Ni ugali wa unga wa mahindi ya njano, umesongwa kwa mwiko, ukapinduliwa juu ya ubao wa mbao. Bibi hakuukata kwa kisu. Alichukua uzi, akaupitisha chini ya ugali, akauvuta juu, vipande vikatoka vimenyooka. Kitoweo kilikuwa jibini ya kondoo, malai yaliyochacha, na kitunguu saumu kilichotwangwa na maji na chumvi. Nilimega kwa mkono. Bibi aliweka uma wake chini, naye akamega kwa mkono, akasema kitu. Kijana akatafsiri: „Anasema mume wake alikula hivyo hivyo."

Baada ya kula alileta bahasha ya nailoni, na ndani yake hati za shamba. Yeye na marehemu mume wake walikuwa wanachama wa kolkhoz, shamba la pamoja la kijiji. Mwishoni mwa miaka ya 1990, chini ya mpango ulioitwa Pământ, yaani Ardhi, mashamba hayo yalivunjwa na kila mwanachama akapewa fungu lake. Kwa wastani ilikuwa kama hekta moja na nusu, tena haikuwa mahali pamoja: ukanda wa nafaka huku, kipande cha mizabibu kule, miti michache ya matunda upande mwingine. Nchi nzima ilipata wamiliki kama milioni moja kwa njia hiyo. Trekta lakini halikatiki vipande milioni. Ghala la pamoja, mabomba ya umwagiliaji, fundi wa mashine, soko lililokuwa linanunua kila kilo, hivyo vyote hati haikuwa na nafasi ya kuviandika.

Bibi alilima kwa jembe la mkono misimu miwili. Mwaka 1998 Urusi ikaanguka kifedha, nayo ndiyo iliyokuwa mnunuzi mkuu wa bidhaa za Moldova. Mwaka uliofuata binti yake, mama wa kijana huyu, aliondoka kwenda Italia kulea wazee wa watu. Leo ukanda wa nafaka umekodishwa kwa mkulima mkubwa mwenye mashine, pamoja na wa majirani karibu wote. Kila vuli analipa kodi kwa magunia ya ngano, mahindi na lita kadhaa za mafuta ya alizeti. Niliyaona magunia hayo yamepangwa ukutani. Bibi hakulalamika. Aliipigapiga ile bahasha kama mtu anavyompigapiga mtoto mgongoni, akairudisha kabatini. Nilichokiona chumbani kile ni kwamba ardhi ilipata wenyewe kwenye karatasi, na wenyewe wakalazimika kwenda kuishi mbali nayo. Kijiji kina nyumba nzuri, mpya, zenye paa la chuma la rangi, madirisha yamefungwa. Zimejengwa kwa euro na hazina mtu.

Kilichompandisha hasira ni jambo jingine. Mwaka 2014 benki tatu za nchi hii zilichotwa kama dola bilioni moja, zaidi ya sehemu ya kumi ya pato la taifa la mwaka, kwa mikopo ya ujanja iliyopotelea nje. Serikali ikazibeba benki, kisha mwaka 2016 deni hilo likageuzwa kuwa hati za dhamana ambazo walipakodi watazilipa mpaka 2041. Bibi alihesabu kwa vidole umri atakaokuwa nao mwaka huo, akaacha njiani.

Cricova nilipita nusu siku tu. Ni machimbo ya mawe ya chokaa, mawe yaliyojengea Chișinău, na mashimo yake yamegeuzwa ghala la mvinyo lenye njia za kilometa 120 chini ya ardhi. Unatembezwa kwa gari la umeme katika mitaa yenye majina ya aina za mvinyo, baridi ileile mwaka mzima. Mimi si mnywaji, ila bidhaa naijua thamani yake. Machi 2006 Urusi ilifunga mlango kwa mvinyo wa Moldova, wakati huo mnunuzi wake mkuu kuliko wote, na mwaka 2013 ikaufunga tena. Watengenezaji wengi walifilisika. Waliobaki wakapunguza ujazo, wakaboresha ubora, wakatafuta njia ya Ulaya. Juni 2014 nchi ilisaini mkataba wa ushirika na Umoja wa Ulaya, na Juni 2022 ikakubaliwa kuwa mgombea wa uanachama. Novemba kabla ya ziara yangu mabomu yalipopiga gridi ya umeme ya Ukraine, taa za Chișinău nazo zilizimika, kwa kuwa nyaya zimeunganishwa. Nchi hiyohiyo, yenye mfumuko wa bei uliopita asilimia 30 mwaka ule, ilikuwa imepokea maelfu kwa maelfu ya wakimbizi na kuwalaza majumbani.

Siku ya tano tulikwenda kusini kabisa, Giurgiulești. Ramani ya Moldova inaishia hapo kwenye ncha iliyogusa mto Danube, ukingo usiofika hata kilometa moja. Zamani ardhi hii, iliyoitwa Bessarabia, ilifika Bahari Nyeusi. Mwaka 1940 Moscow iliikata, ukanda wa pwani ikaupa Ukraine. Mwaka 1999 Moldova iliiachia Ukraine kipande cha barabara huko Palanca, kijiji cha mpakani, ili ipate nafasi ya kutosha ya ukingo, na hapo ikajenga gati. Kituo cha mafuta kikafunguliwa 2006, cha nafaka kikafuata, na mwaka 2021 bandari ikachukuliwa na Benki ya Ulaya ya Ujenzi Mpya na Maendeleo. Bahari iko kilometa 134 kwa mto.

Tulisimama juu ya kilima. Kulia Romania, kushoto Ukraine, na katikati kreni zilizohesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Gati zetu za Dar zingeimeza bandari ile pembeni tu. Lakini malori ya nafaka yalikuwa kwenye foleni ndefu, na meli moja ndogo ilikuwa ikipakia, vumbi la ngano likipanda. Nilipaangalia kwa heshima kubwa. Hawa walitoa barabara ili wapate mlango.

Kijana aliniuliza kontena la jozi likitoka hapa litafika Dar baada ya siku ngapi. Nilitoa risiti mfukoni, nikamwandikia nyuma yake: mashua ya mizigo hadi Constanța, Bosphorus, Suez, Bahari ya Shamu, Mombasa, Dar. Pembeni nikaweka siku za kila hatua, na siku za forodha, ambazo nilizipigia mstari. Akaikunja, akaiweka kwenye pochi pamoja na kitambulisho chake.

Mwezi uliofuata meli zilianza kushambuliwa Bahari ya Shamu, na kampuni nyingi zikaanza kuzunguka Afrika Kusini. Kabla ya Krismasi aliniandikia: je, zile hesabu bado ni zilezile? Nikamjibu aongeze wiki mbili na zaidi. Dakika chache baadaye alinitumia picha ya ile risiti, namba za zamani zimekatwa, mpya zimeandikwa juu yake kwa kalamu nyekundu.