Tanga likishaanuliwa

Misiba yetu ya uswahilini ina utaratibu wake. Unafika, unatoa pole, unaketi mkekani, daftari la rambirambi linapita, na mtu mzima mmoja lazima aseme kazi ya Mungu haina makosa. Msibani kwa shoga yangu, Tandika, sikumsikia yeyote akiyasema hayo. Mdogo wake alijiua. Polisi walikuja, mwili ukapelekwa kuchunguzwa, na kabla haujarudi wapishi kule uani walishagawana sababu: mikopo ya kausha damu, mwanamke, kurogwa. Shangazi akauliza kama ataswaliwa. Imamu akamjibu kwa upole kwamba huyu ni Muislamu, ataswaliwa. (Jirani Mkatoliki akaninong'oneza kuwa kwao sheria ya Kanisa ya 1917 ilikuwa ikiwanyima maziko watu kama hawa, ila ile ya 1983 haina tena katazo hilo.)

Tanga likaanuliwa, viti vikarudishwa, watu wakatawanyika. Hapo ndipo kazi ilipoanza.

Shoga yangu ana jambo moja analolirudia. Kijana alimwambia, "Dada, nimechoka," naye akamjibu, "Kalale." Basi. Ukimwambia asijilaumu, ananyamaza, halafu kesho anaanza upya. Siku hizi simkatizi. Namwacha asimulie mpaka mwisho, nami naendelea kuchambua mchele. Kisha namtaja marehemu kwa jina lake, namkumbusha alivyokuwa akitukera Yanga ikishinda, akipita na bodaboda yake na honi mtaa mzima. Anacheka, analia, anacheka tena. Ndugu zake wananitazama vibaya, maana wao wamekubaliana kusema aliugua ghafla. Siwalaumu sana. Kanuni ya Adhabu yetu inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, sasa nani atataka familia yake itajwe karibu na jambo la polisi? Ila ukimya huo unamwacha dada mtu peke yake na lile neno "kalale".

Wiki iliyopita nilimuuliza waziwazi: "Na wewe, unawaza kufa?" Mama yangu angenizaba kibao kwa kuuliza hivyo, kwa wengi wetu ni kumwita shetani. Lakini waliofiwa namna hii nao huwa hatarini zaidi, na kuuliza hakumtii mtu wazo hilo kichwani. Alikaa kimya kidogo. "Usiku, mara nyingine."

Usiku ule nililala kwake. Asubuhi tukaenda Muhimbili, kitengo cha afya ya akili. Daktari alimsikiliza kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, akampangia kurudi Jumanne.

Mama yake hajui. Tumemwambia tunakwenda Kariakoo kununua vitenge, kwa hiyo Jumanne itabidi turudi na vitenge kweli, na mimi mfukoni sina hata nauli ya kuchezea.