Nilisema "katobolewa"

Bado linanikereketa. Jumatatu shangazi kateremka na Coaster ya Tukuyu, mkungu wa ndizi begani, akaenda moja kwa moja ICU kumwona kaka yake. Tulipotoka, akajifunga khanga upya, taratibu, kisha:

"Kwa hiyo ulisaini baba yako achinjwe?"

Nami, mtu mzima mwenye watoto, nikajibu: "Hajachinjwa, shangazi. Katobolewa."

Katobolewa! Kama gunia la mbolea. Nimelirudia kwenye daladala, nimelirudia nikiosha vyombo. Hata barua ya uhamisho wa Chunya nimeisoma nusu nikaitia kabatini.

Na maelezo nilikuwa nayo. Mpira wa kupumulia ulishakaa mdomoni siku 12, na ili auvumilie ilibidi alazwe usingizi kwa dawa. Huu mrija mfupi wa kupumulia, unaopita kwenye tundu la shingoni, daktari alisema, utamwacha aamke, na kinywa kitasafishika. Hakunipamba: tundu haliponyi mapafu, na kwa miaka 81 wengi hawarudi nyumbani. Kaka naye anasema nilichelewa kusaini. Nikakesha nasoma. Uingereza walilinganisha wagonjwa 909, majibu yakatoka 2013: waliotobolewa shingo ndani ya siku 4 na waliosubirishwa hadi zaidi ya siku 10, vifo vilikaribiana. Nikamtumia. Kasoma, kimya.

Halafu jana. Plasta zote zimetoka usoni, sharubu za baba zimeonekana tena, nyeupe, zimelala upande mmoja. Macho wazi. Midomo ikaanza kucheza bila sauti, maana hewa inaishia kwenye mrija, haifiki kwenye nyuzi za sauti. Nikabahatisha: maji? Akafumba macho kwa hasira. Maumivu? Mama? (Mama jamani, miaka 6 sasa.) Akainua mkono wenye dripu, vidole vikawa vinavuta hewa chini, kimoja kimoja.

Shangazi akacheka hadi nesi akageuka. "Anauliza nani anakamua!"

Akamwinamia. "Nakamua mimi, kaka. Leo lita 7." Uongo mtupu, siku nne hizi yuko kwangu. Baba akalala.

Kwenye ngazi kanishika mkono, hakusema kitu kuhusu kuchinja. Mimi nikataka kulieleza lile neno langu, nikaacha.

Usiku huu kumenyesha, na jiko linavuja palepale juu ya mkaa. Fundi wa Uyole keshakula advansi yangu, na simu hapokei.